Mbwa ndani ya nyumba niliyoisomea Fatiha

Nina miaka sabini na nane. Nimezika mafundi watatu walionifundisha useremala, na milango yangu huku Buyenzi bado inafunga vizuri.

Leo nimeudhika.

Mwezi jana mi nilimjengea mukubwa mmoja wa Kiriri, kule juu kwa matajiri, kanyumba ka watoto wake ka kuchezea. Ka mbao, na dirisha, na mlango wa kweli. Nilikasomea Fatiha kabla ya kutoa ufunguo, kama nyumba yoyote ninayojenga.

Leo napita kusalimia, nakuta mbwa amefungiwa mle ndani.

"Mzee, si ni ya kuchezea tu," mukubwa akaniambia.

Apana. Nikamtoa mbwa, nikaanza kung'oa mlango wangu.

Binti yake mdogo akaja analia.

"Babu, uache. Ni Papa alitufukuza humo, akaweka mbwa."

Hapo nikaacha kung'oa. Nikaurudisha mlango. Mutoto akaingia, akafunga kwa ndani.

"Papa, ukitaka kuingia, piga hodi."

Mukubwa mzima na kravati yake shingoni akapiga magoti kwenye majani, akagonga.

Akajibiwa: "Subiri."

Semeni nyinyi, nilikosea wapi?

Asiyeamini amuulize zamu anayelinda geti lao. Alikuwa hapo hapo, anajifanya anamwagilia maua.