Dirisha la Bibi Oliva na Ng'ombe Aitwaye Waziri

Kwa miaka mingi, kanisani na baa, nimesema kioo cha kwanza cha Bibi Oliva kule Muze kilivunjwa na ng'ombe. Si kweli. Nilikivunja mimi, na wala sikuwepo.

Ninyi mnaoanza kazi ya ujenzi mtanivumilia nikianzia mbali. Siku ya kwanza niliripoti karakana ya serikali mjini Sumbawanga nikiwa na viatu vya kisigino na bahasha yenye shahada. Mhandisi wa Mkoa alinitazama juu ya miwani yake.

"Umeagizwa na nani?"

"Nimeajiriwa, mzee. Mimi ndiye mhandisi mpya."

"Basi nenda kwa Msimamizi wa Karakana akufundishe kushika randa. Shahada iache hapa, isije ikaingia vumbi."

Msimamizi alikuwa seremala wa Kifipa mwenye vidole tisa. Mimi nilikuwa na vidole kumi na kanuni za hesabu, kwa hiyo nilijiona nimemzidi.

Soko huria ndiyo kwanza lilikuwa linaingia. Vioo vikubwa, ambavyo zamani vilitaka barua ya kibali, sasa vilishushwa kwenye malori kutoka Tunduma kama magunia ya chumvi. Serikali nayo ilikuwa inapunguza watumishi, ikatupunguza mimi na Msimamizi katika wiki ile ile. Tukafungua kampuni. Mimi nilikuwa mkurugenzi, yeye alikuwa kila kitu kingine.

Mteja wetu wa kwanza alikuwa Bibi Oliva, mkunga mstaafu aliyejenga Muze, chini bondeni kuelekea Ziwa Rukwa. Kwetu juu ni baridi na upepo mkavu. Muze ni joto, na wakati wa mvua hata chumvi hulia kwenye kopo.

"Maisha yangu yote nimezalisha watu kwenye vyumba vya vidirisha vya kupitisha mkono," alisema. "Nataka kioo kimoja kizima. Nikikaa hapa niuone ule ukingo wa Ufipa nilikozaliwa. Nisiuone vipandevipande."

Niliahidi. Nilijua dirisha hilo likiharibika, hakuna mtu Rukwa nzima angenipa kazi ya pili, na ningerudi Namanyere kupalilia ulezi wa baba.

Fremu tuliichonga Sumbawanga wakati wa kiangazi, kwa mbao nene za mkaratusi. Kioo hukaa kwenye mtaro unaochongwa ndani ya fremu, nami niliagiza kikatwe kiujaze mtaro huo barabara. Msimamizi aliusugua ubao kwa kile kidole chake kisichokuwepo.

"Mbao hii imekauka kwa upepo wa huku, Injinia. Ikifika chini itakunywa maji. Tukiacha nafasi?"

"Nafasi ni kazi ya mafundi wasiojua kupima," nilimjibu. Naandika maneno hayo nikiwa nimefumba jicho moja.

Kioo tulikiteremsha kikiwa kimesimama katikati ya magodoro, maana kioo kikilazwa garini hakifiki. Kilifika, tukakifunga, watu wakaja kujitazama. Mvua zikaanza. Mbao ikanywa, ikavimba, ikakibana kioo pande zote nne. Asubuhi moja kikapasuka kutoka kona ya chini hadi juu.

Nilipofika nilikuta ufa, na nje ng'ombe mkubwa anatafuna majani. Alikuwa dume la kulimia la jirani, Mzee Masanja, Msukuma aliyehamia na mifugo yake. Kwa sababu ya mwendo wake wa polepole na kitambi, walimwita Waziri. Kwato zake zilikuwa zimechapwa kwenye tope hadi chini ya dirisha.

"Ameona sura yake," nikasema. "Akadhani ni dume mwenzake."

Mzee Masanja alivua kofia. "Waziri simjui kwa ugomvi," alisema taratibu. "Lakini kama mtaalamu amesema, nisameheni." Kesho yake akazungushia uwanja wa Bibi Oliva ua wa miiba, peke yake, kwenye mvua.

Msimamizi aliuangalia ufa muda mrefu. "Ng'ombe wa bondeni wana akili," akasema. "Wa kwetu hupiga katikati. Hawa huanzia kona."

Nami sikulala vizuri mpaka tulipoanza upya.

Safari ya pili nilisikiliza. Fremu ilikuwa ya mninga, na tuliiacha imesimama sebuleni kwa Bibi Oliva msimu mzima wa mvua, ivimbe hadi itosheke, ndipo tukapima kioo. Kila upande tuliacha upenyo wa kupitisha penseli. Chini tulikikalisha juu ya vipande vya mpira wa tyubu ya trekta, kisiguse mbao. Kizingiti cha chini kiliinamia nje, kikiwa na vitundu vya kutolea maji, kwa sababu kule kioo hutoka jasho. Pembeni tuliweka vidirisha viwili vya wavu ili chumba kipumue, na upenu tukaurefusha hatua moja. Bibi Oliva aliketi, akautazama ukingo wote, kutoka msitu hadi msitu, akasema tu, "Mzima."

Kutokana na dirisha lile tulipata kazi Milepa, Namanyere, na mjini kwenyewe. Mhandisi wa Mkoa alipostaafu alituita tumwekee lake. Nimestaafu sasa, magoti yamenitangulia. Nilichojifunza chuoni kilikuwa sahihi chote. Kilichokosekana ni kumuuliza mwenye vidole tisa.

Ila ng'ombe nilimwacha na kesi yake, hadi minara ya simu ilipofika Muze na Bibi Oliva akanipigia.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Ule ua wa miiba umeoza, na Waziri ameingia leo. Kazeeka, lakini amejiona kwenye kioo. Amekipiga kichwa."

Nilikaa chini. "Kimevunjika?"

"Kimelia mmm kama ngoma, kikatulia. Amekipiga tena. Kimemrudisha. Sasa amesimama anajitazama, na Masanja yuko hapa anacheka mpaka anashika mbavu. Anakuuliza, na mimi nakuuliza. Kile cha kwanza kilivunjwa na nani?"

"Na mimi, Bibi."

"Haya," alisema, na nikamsikia akigeuka. "Masanja, mwambie Waziri ameshinda kesi."