Shikamoo, Kabaila

Juzi, nikipanga sanduku la marehemu mama, nilikuta gazeti kuukuu lenye katuni ya bwana mnene aliyevaa koti na tai. Chini yake imeandikwa KABAILA. Nikacheka peke yangu.

Nyumba yetu ya Malindi, ile ya milimani, si ya pwani, ilibandikwa magazeti ukutani kuzuia baridi, na sebule ikinukia moshi na gundi ya unga. Hapo ndipo nilipojifunzia kusoma. Katuni kama hiyo ilikuwa karibu na mlango, nami nilidhani kabaila ni cheo kikubwa. Basi alasiri moja balozi wetu wa nyumba kumi, mjumbe wa chama, alipoingia amevaa koti, nilipiga goti nikasema, "Shikamoo, Kabaila."

Baba aliacha kunywa chai. Siku zile za Ujamaa, neno hilo lilikuwa tusi la kuwaita wanyonyaji.

"Marahaba. Nani kakufundisha?" balozi aliuliza.

Nikamwonyesha ukutani. Aliitazama ile picha, akajipapasa tumbo. "Mbona mwenzangu kashiba," alisema, akacheka mpaka baba naye akacheka.

Alipoondoka tu, mama alikoroga gundi, akaifunika katuni kwa ukurasa wa kandanda. Humo nikajifunza kumwita refa mbumbumbu.