Marahaba Iliyotangulia

Waliomnyima muuguzi yule nafasi ya kusomea ukunga ni wawili: mkuu wa ofisi ya afya ya wilaya niliyoitumikia, aliyetoa amri, na mimi, karani wa majalada, niliyeipiga chapa. Nalitaja hili mwanzo ili asije mtu akamsingizia mwenyekiti wa kijiji, au akasema ilikuwa bahati mbaya.

Ilikuwa miaka ya vijiji vya ujamaa. Upande wa Handeni watu walikuwa wamehamishiwa kijiji kipya, nyumba bado zinanuka udongo mbichi, na zahanati ilikuwa na muuguzi mmoja tu, binti kutoka milima ya Usambara. Nilifika huko kukagua daftari la dawa. Asubuhi ile hunijia hadi leo kama kitu kilichoonwa chini ya maji: vumbi jekundu likielea mlangoni, foleni ya akina mama isiyo na mwisho, watoto wenye surua wakilia kwa sauti moja, na gauni jeupe likienda na kurudi, kana kwamba ndani yake hamna mtu.

Kila aliyefika mezani alimwamkia.

"Shikamoo, nesi."

"Marahaba."

Neno lile lilidondoka saa nzima, kama matone mtungini, hata nami nikaanza kusinzia. Ndipo akaingia mwenyekiti wa kijiji, mzee wa Kizigua mwenye mvi. Kabla hajafungua kinywa, muuguzi, bila kuinua macho, akasema, "Marahaba."

"Marahaba?" mzee akauliza. "Nani kakuamkia hapa?"

"Leo umekuwa mtoto, mzee!" mama mmoja akadakia kutoka kwenye foleni. "Njoo upimwe uzito!"

Kicheko kikaenea hadi nje. Muuguzi akashtuka kama mtu aliyeamshwa usingizini.

"Nisamehe, babu. Shikamoo."

"Hiyo kaa nayo. Kesho utataka nikupigie magoti."

Mzee alikuja ofisini kulalamika, na hiyo ilikuwa haki yake. Lakini mezani kwa mkuu wangu palikuwa na barua ambayo muuguzi aliiandika kabla ya siku ile, akiomba mwenzake wa kumsaidia. Niliipokea mimi mwenyewe. Sentensi moja sijaisahau: "Nikiamka asubuhi sijui kama nimeamka, au bado naota nawahudumia." Nilimkumbusha mkuu juu ya barua hiyo.

"Amechoka?" akasema. "Kuchoka si ugonjwa. Kungekuwa ugonjwa, kungekuwa na dawa yake. Andika: hana adabu kwa wazee na viongozi, hafai kupelekwa masomoni."

Nilikuwapo zahanati. Nilijua kwamba ulimi wake ulijiendea peke yake, kama mguu wa mtu anayetembea usingizini. Sikusema. Nilipiga chapa, nakala tatu, bila kosa hata la herufi moja.

Alipokuja kuchukua barua ya kunyimwa masomo aliniamkia mara mbili, mlangoni na tena mbele ya meza, akinitazama usoni kuhakikisha nimeitikia. Aliisoma amesimama, akaikunja ikawa ndogo sana, akapanda basi la Korogwe. Zahanati hakurudi. Baadhi ya alasiri, ninapofumba macho, naliona basi lile likiyeyuka katikati ya mashamba ya mkonge, na gauni jeupe dirishani, halipungi mkono.

Sasa muuguzi yule ni bibi wa Kwamndolwa, karibu na Korogwe, analima mahindi. Jalada bado linasema hana adabu.

Kwa hiyo nadai rasmi kwamba ofisi iliyorithi majalada yetu ilitoe lake, iifute sentensi ile, na iiambatishe barua yake ya kuomba mwenzake. Nadai pia imwandikie yeye mwenyewe, angali hai, ikimweleza kwa nini hakujibiwa. Na wahusika waitwe kuhojiwa, jina langu likiwa la kwanza.