Kufuli kwenye Ukumbi Wetu

Ukumbi wa kijiji chetu ulijengwa kabla sijaanza shule. Kila nyumba ilitoa tofali za kuchoma, wanaume wakapandisha bati, wanawake wakabeba maji kutoka mtoni. Shangazi yangu, dada yake baba, alibeba tofali akiwa na mimba ya miezi saba, na hakuna aliyeingia ukumbini bila kukumbushwa. "Ukuta huu wa upande wa jua," alikuwa akisema, "nusu yake ni mgongo wangu."

Nilirudi nyumbani katikati ya miaka ya tisini, nikiwa na shahada ya chuo kikuu na bila kazi. Kijiji chetu kiko upande wa Magamba, saa moja hivi kwa baiskeli kutoka Mpanda mjini. Serikali ilikuwa imeacha kuwapangia wahitimu kazi, jambo ambalo wanakijiji wengi hawakuliamini. Waliona kwamba kama nimerudi, basi kuna kitu nimefanya huko. Sikuwalaumu, kwa sababu hata mimi nilikuwa nakitafuta hicho kitu. Nilikuwa napalilia karanga za baba huku nikirudia kichwani barua za maombi nilizotuma, sentensi moja baada ya nyingine, nikijiuliza kama nilikosea kuandika "Ndugu" mahali pa "Mheshimiwa", au kama mkono wangu ulitetemeka kwenye sahihi.

Kilichonisaidia ni ukumbi. Saa tisa alasiri nilifundisha pale kusoma na kuandika. Wanafunzi wangu walikuwa kina mama na wasichana walioacha shule njiani. Mara moja kwa mwezi nesi alikuja kutoka Mpanda kupima watoto uzito. Misiba ilipangwa humo, na wasafiri wa kutoka Mwese waliokutwa na mvua walijikinga humo. Ukumbi haukuwa mzuri, lakini ulikuwa wazi.

Kabla ya masika mimi na darasa langu tuliupaka chokaa. Tulicheka kwa furaha siku nzima, tukarudi nyumbani na nyusi nyeupe. Baada ya siku nne nilikuta ukutani, kwa mkaa, herufi zenye urefu wa mkono: MSOMI KAFELI MJINI.

Mtu mwenye akili iliyotulia angechukua kitambaa. Mimi nilisimama pale nikiwaza. Kwanza, je, ni kweli? Pili, ni nani? Nilikwenda nyumbani, nikatoa madaftari ya wanafunzi wangu na kuanza kulinganisha M na M, S na S, nikimshuku hata mama mmoja ambaye alikuwa hajafika herufi ya S. Nikajionea aibu. Nikarudi na ndoo na kitambaa, nikasugua, na mkaa ukasambaa ukawa wingu jeusi lililoonekana kutoka barabarani. Tukapaka chokaa tena. Wakaandika tena. Safari hii maneno yalikuwa ya matusi, na hayakunihusu mimi peke yangu. Halafu dirisha moja la mbao likavunjwa, tukaliziba kwa mbao, na mabenchi mawili yakachongwa kwa kisu, mtu akichora ng'ombe mwenye pembe ndefu.

Ng'ombe huyo ndiye aliyemfaa mtendaji wa kijiji. Alikuwa mtu wa makamo, mwenye suruali iliyopigwa pasi hata wakati wa tope, na aliitisha mkutano mbele ya ukumbi.

"Nimevumilia," alisema. "Mmepaka, wamechafua. Mmepaka, wamechafua. Na mchoro wa ng'ombe huo sihitaji kueleza umetoka upande gani." Akatazama walipokaa wafugaji, Wasukuma waliohamia ng'ambo ya mto na mifugo yao miaka michache kabla.

Mmoja wa wanafunzi wangu, mama wa Kisukuma aliyekuwa na mtoto mgongoni, alisimama. "Mtendaji, mwanangu mkubwa ana miaka minne. Hata herufi a haijui. Labda umuulize ng'ombe mwenyewe kama anajua kujichora."

Watu wakacheka. Mtendaji hakucheka. "Kuanzia leo ukumbi unafungwa mpaka wahusika wapatikane. Jengo lililofungwa haliandikwi."

Nilikuwa na majibu sita. Nilikuwa nayo kwa mpangilio, na la nne lilikuwa zuri sana: kwamba maandishi yote yalikuwa nje, na kufuli linalinda ndani. Lakini nilikuwa pia na tangazo la kazi mfukoni. Kulikuwa na nafasi Sumbawanga, makao makuu ya mkoa wetu wakati ule, na mwombaji alitakiwa kuambatisha barua ya utambulisho yenye muhuri wa kijiji. Muhuri ulikaa kwenye droo ya mtendaji. Alikuwa amekwisha kuniambia nipitie wiki ijayo.

Nikainua mkono, nikaushusha, nikajifanya najikuna shingo.

"Binti, ulikuwa unasema?" aliuliza.

"Hapana, Mtendaji."

Jioni ile shangazi alingoja tumalize kula. Kisha akasema, "Kumbe chuo kikuu wanafundisha kujikuna." Nikamweleza habari ya barua. Alisikiliza, akakusanya vyombo. "Mi sijasoma," alisema, "lakini mtu aliyechafua ukuta katunyang'anya ukuta. Huyu katunyang'anya nyumba nzima, nyie mmekaa mnamtazama."

Nilijaribu njia ya heshima. Kwa siku kumi nilifundisha chini ya upenu, nje, huku kufuli kubwa likinitazama. Niliandika barua kwa mtendaji, kurasa mbili, yenye vifungu. Alinijibu kwa mdomo, njiani, kwamba ameipokea, na kwamba barua yangu ya utambulisho nayo isubiri kidogo. Wakati huohuo mtu aliandika mlangoni kabisa, juu ya kufuli. Hilo sikulielewa hata nilipolitafakari kutoka pande zote: dawa ilikuwa haijaponya, na bado tuliendelea kuinywa.

Siku ya nesi ilifika, ikaja na mvua. Kina mama kama arobaini walikuwa wamesimama chini ya upenu, wengine wametembea tangu alfajiri, watoto wamefunikwa kwa kanga zilizolowa. Nesi alikuwa na mzani wake wa kuning'iniza na boksi la kadi alilolikumbatia kifuani lisilowe. Nilikimbia ofisini, kisha nyumbani kwa mtendaji. Mkewe akaniambia amekwenda Mpanda, atarudi mchana, na ufunguo anatembea nao.

"Mimi nina vijiji viwili vingine leo," nesi alisema. "Kama hakuna pa kutundika mzani naondoka. Na mwezi ujao sijui kama nitapata usafiri."

Mama wa Kisukuma alimfunua mtoto wake. Alikuwa na miezi tisa na mikono yake ilikuwa myembamba kama kamba. Mwezi uliopita kadi yake ilionyesha mstari ukishuka, na nesi alikuwa ameagiza arudi bila kukosa.

"Tuvunje kufuli," mtu akasema.

"Msiguse kufuli!" Sauti ilikuwa yangu, na ilinishtua. Nilikuwa nimeutazama mlango ule siku kumi, kwa kuwa sikuwa na kazi nyingine ya macho, na nilijua jambo ambalo mtendaji hakulijua. Fundi aliyeuweka aliufanya ufunguke kwa nje, na bawaba zake zilikuwa nje, mvuani, pamoja na skrubu zake. Bawaba tatu, skrubu nne kila moja.

Nikaenda kwa fundi baiskeli, nikaomba bisibisi. Alinitazama miguu, nilikuwa na kandambili moja tu, nyingine imebaki kwenye tope. "Ya nini, mwalimu?"

"Ya kufungua mlango wa ukumbi."

"Mtendaji karuhusu?"

"Hapana."

Akanipa mbili, kubwa na ndogo.

Nataka niseme kwamba sikuwaza. Niliwaza. Katika kila skrubu niliona kitu: ya kwanza ni polisi wa Mpanda, ya pili ni baba yangu akiitwa ofisini, ya tatu ni droo yenye muhuri ikifungwa. Skrubu ya saba ilikuwa na kutu na haikutaka kuzunguka. Shangazi akaja na mafuta ya kupikia kwenye kifuniko, akaidondoshea, akanishika bega. "Kaza mkono, mwanangu. Usiwaze."

"Siwezi kutowaza, shangazi."

"Basi waza huku unazungusha."

Skrubu ya kumi na mbili ilipotoka mlango ulilegea, ukabaki umeshikwa na kufuli peke yake, upande wa pili. Tukauvuta taratibu, kina mama sita na mimi, tukauegemeza ukutani upande huo wa kufuli. Kufuli lilikuwa zima, limefungwa vizuri kabisa. Kina mama wakaingia na watoto wao, nesi akapanda juu ya benchi lenye ng'ombe na kutundika mzani kwenye boriti. Mtoto wa miezi tisa alipimwa wa kwanza. Uzito ulikuwa umeshuka tena. Nesi akaandika barua ya kumpeleka hospitali Mpanda siku hiyohiyo, na fundi baiskeli mwenyewe akawapakia, mama na mtoto.

Mtendaji alifika watoto watano kabla ya mwisho. Alisimama mahali mlango ulipokuwa, ufunguo mkononi, maji yakimtiririka kwenye suruali yenye pasi.

"Nani kafanya hivi?"

Watu arobaini wakageukia mzani. Wasingenitaja mpaka leo.

"Mimi," nikasema.

"Huu ni uharibifu wa mali ya umma!"

"Umma wenyewe huu hapa," shangazi akadakia. "Waulize kama wameharibiwa."

"Mama, sijaongea na wewe."

"Na mimi naongea na mgongo wangu, upo kwenye ukuta huo."

Watu wakaangua kicheko, na mtoto aliyekuwa kwenye mzani akaanza kulia. Mtendaji akasubiri kelele zipungue. Kisha akanisogelea na kusema kwa sauti ya chini, karibu ya upole, "Binti, una maombi yako Sumbawanga. Rudisha mlango kama ulivyokuwa, kesho asubuhi uje uchukue barua yako. Tuyamalize."

Nilihesabu. Sitadanganya, nilihesabu kila kitu pale niliposimama: umri wangu, umri wa baba, msimu wa karanga, barua ngapi nilizokwisha kutuma bila jibu. Halafu nikasema, "Mlango nitaurudisha, Mtendaji. Kufuli sirudishi. Na likirudi, bisibisi ninajua inapokaa."

Asubuhi aliniita ofisini, akaningojesha mlangoni mpaka saa nane. Hakuwa na barua ya utambulisho. Alikuwa na karatasi ya maungamo, imeandikwa kwa kalamu nyekundu, kwamba mimi niliyetajwa hapo chini nilivunja mlango wa ukumbi wa kijiji na kuchochea wananchi. Akanipa kalamu nyeusi.

Nikaisoma mara tatu. "Sikuvunja," nikasema. "Nilifungua skrubu kumi na mbili, na zote ninazo kwenye kopo." Nikafuta "nilivunja", nikaandika skrubu. Nikafuta "kuchochea wananchi", nikaandika majina ya vitu vilivyofanyika: kupima watoto thelathini na nane, kumpeleka mmoja hospitali. Pembeni nikaongeza kwamba maandishi ya ukutani tutayafuta sisi wenyewe kila yanapotokea, kwamba hata wakiandika mara mia tutapaka mara mia na moja, na ukumbi utakuwa wazi siku zote hizo mia na moja. Karatasi ikawa nyeusi kuliko nyekundu.

"Hujui unachokifanya," mtendaji alisema.

"Inawezekana," nikasema, nikatia sahihi. Mkono ulikuwa unatetemeka na sahihi ilionyesha hivyo, nami nikaiacha.

Kisha nikaomba nakala. Akasema hakuna nakala. Nikatoa daftari, nikaanza kunakili kwa mkono, neno kwa neno, naye akaketi akinitazama kwa sababu hakujua la kufanya na mtu anayenakili mashtaka yake mwenyewe. Ilichukua muda. Nilipomaliza, saa tisa ilikuwa imepita zamani. Nilikwenda ukumbini nikikimbia, nikijiandaa kuomba radhi kwa kuchelewa, nikichagua maneno.

Walikuwa wameshaanza bila mimi.