Watu wa Uji

Kosa langu la kwanza lilikuwa kufuata sauti ya majembe badala ya harufu ya chungu. Nilikuwa na miaka kama kumi, na sikujua kwamba majembe yote hulia namna moja. Kwetu, kati ya Ruangwa na Narung'ombe, mtu aliyetaka shamba lake liishe kwa siku moja aliwaita majirani, na mkewe akapika pombe ya mtama. Watu walilima, wakanywa, wakaenda zao. Hakuna aliyeona ubaya, hata waliotoka kuswali alfajiri ileile. Kwa hiyo mlevi aliyetaka kuacha alibaki peke yake na shamba lake. Hakwenda kulima kwa wenzake, na wenzake hawakuja kwake.

Baba alirudi na ulevi wake kutoka Nachingwea, alikokuwa akifyeka pori la mashamba ya karanga. Ramadhani alifunga yote bila tone, halafu Idi mosi tukamwokota mlangoni. Mwaka ninaousimulia aliivuka Idi. Nilihesabu siku kumi na moja kwa alama za mkaa ukutani, na alama iliyokaa upande niliifuta nikaichora upya. Mama alikuwa amesema mara moja tu, kwa sauti ya chini, kwamba baba akinywa tena, yeye atamchukua mdogo wangu warudi kwao Nambilanje. Kisha akasikia kuna wanaume upande wa Mandawa walioacha pombe, wanaolimiana kwa uji tu. Baba aliona haya kuuliza njia. Nikauliza mimi.

Niliyemuuliza ni Nandonde. Nilimwita mjomba kwa kuwa alitoka kijiji kimoja na mama. Alikuwa amekaa njia panda akichonga mpini.

"Shikamoo mjomba. Watu wa uji wanalima wapi leo?"

"Marahaba. Watu wa uji!" Alicheka mpaka panga likamponyoka. "Wanaume wazima wanakunywa uji kama wanawake waliojifungua jana! Haya, fuata bonde. Ukisikia majembe, umefika."

Tulifuata bonde, tukasikia majembe. Baba aliingia kwenye mstari akalima kama mtu anayekimbia moto, na mimi nilijivuna kwamba nimemfikisha. Adhuhuri chungu kikafunuliwa. Ile harufu chachu ilinipiga puani kabla sijaona povu. Shamba lilikuwa la Nandonde mwenyewe, naye alikuwa ametufuata nyuma taratibu. Alichota kata ya kwanza akamletea baba kwa mikono miwili.

"Shemeji, umelima. Kunywa haki yako."

Baba hakuitazama kata. Alinitazama mimi. Ningesema "Baba, twende," tungeondoka. Lakini watu walikuwa wengi, na niliogopa wote wajue kwamba nimekosea njia. Nikatazama chini. Nilipoinua macho kata ilikuwa tupu, na Nandonde alikuwa akicheka.

Mama aliondoka kesho yake na mdogo wangu. Mimi nilibaki na chuki. Sikusoma shule, herufi nilijifundisha kwa mkaa uleule, na neno la kwanza nililoandika bila kosa lilikuwa jina la Nandonde. Niliapa kwamba siku moja atakosa njia kwa mkono wangu.

Baada ya wiki mbili nilitoka peke yangu asubuhi. Kila niliposikia majembe nilizunguka upande unakokwenda upepo, nikanusa kwanza. Shamba la tatu, karibu na Mandawa, lilinukia uji wa karanga. Wanaume saba walikuwa wameketi, na kabla ya kupokea bakuli kila mmoja alitaja siku zake bila pombe na jambo alilofanya akiwa amelewa. Fundi cherehani mmoja aliniuliza, "Nani kakutuma?"

"Sijatumwa. Baba amelala."

"Basi Jumamosi tutalima kwenu. Akiamka atatukuta."

Walikuja kweli. Baba aliamka kwa sauti ya majembe, akaenda kuchukua lake.

Mwaka jana Nandonde alinikuta njia panda ileile. Alikuwa amekonda kwa pombe, jembe begani, na binti yake mdogo akimshika mkono kama anayeongoza kipofu.

"Mwanangu, watu wa uji wanalima wapi leo?"

Nilijua wako wapi. Nilijua pia kwamba bondeni siku hiyo kulikuwa na pombe.

"Fuata bonde, mjomba. Ukisikia majembe, umefika."

Hakuyatambua maneno yake mwenyewe. Yule binti alisema, "Asante, kaka." Niliwatazama mpaka mihogo ikawafunika, na sitadanganya: nilifurahi, furaha iliyodumu hadi nilipofika nyumbani na kumkuta mama, aliyekwisha kurudi kwetu baba alipoacha pombe, akikoroga uji wa wale wanaume wa Mandawa. Hata hapo sikurudi kuwaita.

Nandonde alitufikia mwenyewe baada ya mwezi. Sasa analima mstari mmoja na baba, na baba humpa bakuli kwa mikono miwili. Hakuna anayejua nilichofanya. Nakiri hapa kwa mara ya kwanza. Shikamoo yake naitoa kwa shida, na chuki yangu haijaisha. Kilichobadilika ni hiki: baba hanywi, mama amerudi, na mgeni akiniuliza njia ya kwa watu wa uji simwelekezi tena kwa mdomo. Namsindikiza mpaka chungu kinuke.