Majirani wa Neno

Mama anayenifulia nguo hapa mtaani Landless hapendi kuambiwa maana ya neno. Kila Alhamisi akimaliza kuanika hufuta mikono kwa leso, vidole vimechujuka kwa sabuni, kisha huketi juu ya ndoo aliyoipindua na kusoma na Becky wangu. Neno likiwashinda, kidole chake husogea kushoto, kisha kulia. "Uliza majirani," humwambia. "Wakisema Muasya ni bahili, lakini ndugu yake ni mkarimu, hiyo 'lakini' imeshakuambia hawafanani."

Alhamisi iliyopita, kabla hajamaliza kuanika, alinipa barua ya hospitali, ya Kiingereza. "Mama Becky, hii 'malignant' ni nini?" Nililijua neno. Nikasema silijui, nikajifanya natafuta pegi. Kidole chake kikarudi nyuma polepole: madaktari walitumaini uvimbe wa titi lake hauna madhara, lakini. Kikasimama hapo. Nilingoja aniulize tena, safari hii ningemwambia. Hakuuliza. Aliikunja barua mara nne, akaitia kifuani, akainua shuka langu la mwisho.

"Usijali," akasema. "Hata mimi sikulijua, mpaka nikauliza majirani."