Samaki Laini wa Papa Diplome

Mwanangu, niliporudi Rwanda kutoka Bukavu na diplome yangu ya ufugaji wa samaki, watu wa Butare walinibandika jina Papa Diplome, yaani Baba Diploma, wakasema sitafuga hata chura. Nikachimba bwawa kwa mikono hii miwili, nikalijaza tilapia. Nilipopata mchumba, nikatangaza kwamba wageni wa harusi yangu watakula samaki wangu tu. Niliringa sana, mpaka leo sijaacha kabisa.

Kuna siku moja ya wiki ile ya harusi naikumbuka kuliko harusi yenyewe. Maman Furaha, muuza samaki wa Kamembe, alikuja kuniangalizia samaki. Akamshika mmoja, akambonyeza kwa kidole gumba. Shimo likabaki.

“Papa Diplome, hii samaki iko laini sana. Nyama yake ilienda wapi?”

Nikamweleza habari za chakula na joto la maji, tena kwa Kifaransa kirefu. Akanisikiliza hadi mwisho.

“Diplome yako iko na maneno mingi, lakini haina vidole.”

Kisha akaniuliza ile sufuria nyeusi kando ya bwawa ni ya kazi gani. Hapo nikaanza kujishuku. Ndimo nilimoyeyushia madini ya risasi kutoka betri kuukuu za magari, nitengeneze vizito vya kuzamisha nyavu, na majivu yake nilikuwa nikiyaosha papo hapo bwawani. Nilijiona fundi!

Siku ileile nikavuka mpaka na samaki wawili, nikampelekea mwalimu wangu wa zamani. Alipowapima akaniambia risasi huingia kwa matamvua ambayo samaki hupumulia, hukaa kwenye ini, na samaki akipambana nayo humaliza protini za misuli yake mwenyewe, kama mtu anayechoma milango ya nyumba yake ili apate moto. Na anayemla samaki huyo, anakula na sumu.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Ningeweza kunyamaza, maana samaki akishakaangwa nani atambonyeza? Lakini Jumamosi, siku ya harusi, nilisimama mbele ya wageni nikasema yote. Wajomba wa bibi harusi walicheka mpaka machozi, wakala maharage, wakacheza mpaka soli za viatu zikabanduka. Samaki wale niliwafukia, nikachimba bwawa jingine mbali na pale. Leo wanunuzi wanatoka Bukavu kunifuata mimi.

Mwanangu, jisifu, sikukatazi. Ila kabla kazi yako haijafika kwenye sahani ya mtu, mwonyeshe anayeijua kwa vidole, na akikukosoa, mshukuru. Mungu ayatakase maji yako, na kila atakayekula kwako aamke mzima.